Kutoa polifenoli kwenye makonyo ya karafuu: kiyeyushi kipi?

Polifenoli ni viambato vya mimea, zikiwemo tanini zenye ukakasi, na hutolewa kwa kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoziyeyusha. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa mbegu za zabibu. Sisi Pemba tuna makonyo, yale yanayobaki jamvini karafuu zikishachambuliwa, nayo yana kitu ambacho mbegu za zabibu hazina: mafuta ya yujenoli, yale yenye harufu ya karafuu. Ukiyasahau, vipimo vyako vyote vitakudanganya.

Hatua ya 1. Anika makonyo mpaka yakatike kwa mlio ukiyakunja. Yatwange, uyachekeche. Yasilainike kama unga wa ngano, yataziba kitambaa cha kuchujia.

Hatua ya 2. Ondoa mafuta. Yujenoli nayo ni fenoli, ingawa si polifenoli, kwa hiyo kipimo cha Folin, kile cha maabara kinachopima jumla ya fenoli, huihesabu pamoja na tanini. Utapata namba kubwa, ufurahi bure. Maabara huosha unga kwa heksani, kiyeyushi cha jamii ya petroli, ambayo hubeba mafuta ikaziacha tanini. Nyumbani usiiguse, mvuke wake hushika moto upesi. Mimi huufukiza unga kwa mvuke wa maji: unga juu ya kitambaa, maji chini yasiuguse, mpaka harufu ipungue sana. Kisha nauanika tena.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Polifenoli hupenda maji kwa upande mmoja na kuyakimbia kwa upande mwingine, tena zimeng'ang'ania kuta za seli. Ndiyo maana mchanganyiko wa maji na etanoli (pombe) hushinda. Maji matupu hubeba sukari na ulimbo, na huchacha baada ya siku mbili tatu. Etanoli ya asilimia 95 haivimbishi seli, tanini nyingi zinabaki ndani. Anza na asilimia 50 hadi 70. Kupata 70, pima mililita 74 za etanoli ya 95, ongeza maji mpaka zifike 100.

Asetoni ya asilimia 70 ni hodari kwa tanini kubwa za mbegu za zabibu, lakini kwa bidhaa ya kula siitumii. Methanoli nayo hutoa vizuri, ila hupofusha macho na huua. Isikaribie kitu cha kuliwa. Spiriti ya kuwashia pia iache, kwani mara nyingi imetiwa methanoli hiyo hiyo. Kama wateja wako hawataki pombe hata kwenye sabuni, tumia gliserini na maji. Inachelewa, na haikauki, lakini inafaa.

Hatua ya 4. Jaribu kabla ya kuamua. Chupa nne za kioo: maji, etanoli ya 50, ya 70, ya 95. Kila moja gramu 10 za unga na mililita 100. Funika, weka kivulini saa 24, tikisa mara kwa mara, chuja. Kioo nasema kwa sababu niliwahi kuloweka kwenye sufuria ya chuma, asubuhi nikakuta wino mweusi: chuma na tanini zilikuwa zimeshashikana. Nikamwaga yote.

Hatua ya 5. Zimua matone machache ya kila chupa kwa maji, utie tone la feriki kloridi, chumvi ya chuma inayobadili rangi ikikutana na tanini. Tanini za karafuu hutoa buluu iliyoiva kuwa nyeusi. Za mbegu za zabibu huelekea kijani. Halafu kausha mililita 10 za kila chupa juu ya maji ya moto, pasipo moto wa wazi karibu, upime uzito. Usichague kwa uzito peke yake: masalio ya maji huwa mazito na yananata vidoleni, hiyo ni sukari. Chagua yenye rangi nzito kwa feriki na masalio makavu yanayovunjika kama ganda.