Somo: Alama za kusomwa kwa vidole, kwa mtu ambaye macho yanafifia nyumbani

Mama yangu alimeza vidonge vya usiku asubuhi. Chupa mbili zilikuwa za umbo moja, vifuniko vya rangi moja. Hakudhurika, lakini nilishtuka, na wiki ile nikavisha raba bendi kila chupa na kila kopo humu ndani. Siku ya pili akaniuliza, "Mwanangu, sasa kila kitu kina mpira. Nitajuaje kipi ni kipi?"

Somo hili limetokana na swali lile. Vifaa vyenyewe karibu vyote unavyo tayari: raba bendi, vifungo vya shati, uzi, pini, gundi, rangi ya kucha, karatasi ngumu.

Hatua ya 1: Jua anaona nini. Wengi wanaopoteza uoni bado wanaona kiasi fulani, na kila ugonjwa una namna yake. Presha ya macho mara nyingi hula pembeni kwanza: mtu anauona uso wako lakini anajikwaa kwenye stuli iliyo miguuni pake. Kuharibika kwa sehemu ya kati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kunakowapata zaidi wazee, ni kinyume chake: anapita mlangoni bila shida, ila maandishi na sura za watu zinamezwa na doa. Mtoto wa jicho huleta ukungu, na mwanga mkali humkera. Huo wa mwisho hutibika kwa upasuaji, kwa hiyo tafadhali, alama za nyumbani zisiwe sababu ya kuacha kwenda kupimwa.

Kisha kaa naye siku nzima, andika kila anapositasita. Nilitegemea orodha ndefu sana. Nikapata mambo saba tu. Hayo saba ndiyo yaliyohitaji alama.

Hatua ya 2: Mwanga na rangi. Kabla ya kutafuta taa kubwa, sogeza iliyopo. Ukipunguza umbali kati ya taa na ukurasa kwa nusu, mwanga unaoufikia ukurasa huongezeka karibu mara nne. Taa itokee ubavuni, isimwelekee machoni. Kahawa mimina kwenye kikombe cheupe, maziwa kwenye kikombe cheusi. Ukingo wa kila ngazi bandika utepe wa rangi inayopingana na sakafu. Wa kwanza na wa mwisho usikose kabisa.

Hatua ya 3: Alama zenyewe. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba katika vitu viwili vinavyofanana, kimoja tu ndicho kipewe alama. Chumvi ina mpira, sukari haina. Basi. Vikiwa na mipira vyote viwili umerudi pale pale.

Kwenye jiko, tone moja la gundi juu ya swichi na jingine kwenye bati, mahali swichi inapofika ikiwa imezimwa. Matone mawili yakikutana, jiko limezimwa. Ongeza tone la tatu mahali swichi inapofika kwa moto anaoutumia zaidi, usiendelee. Nguo zinazochanganyika rangi, shona fundo la uzi ndani ya ukosi wa zile nyeusi. Soksi zifungwe pamoja kwa pini kabla ya kufuliwa, zikauke hivyo hivyo.

Na yeye ndiye achague alama. Mimi niliweka kifungo kwenye rimoti, yeye akataka uzi. Uzi umebaki, kifungo changu hakikudumu.

Hatua ya 4: Dawa. Zikae kwenye pakiti zake. Mpira mmoja ni dawa ya asubuhi, miwili ni ya usiku, na hapa navunja kanuni yangu kwa makusudi, maana kosa la dawa ni zito. Pia zikae mbalimbali: za asubuhi karibu na mswaki, za usiku karibu na mto. Chupa mpya ikiingia, ihamishiwe mpira siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kumimina. Kinywaji baridi, kidole kikae ndani ya ukingo wa kikombe. Cha moto, kidole hapana! Pima maji kwa kikombe chenyewe yakiwa bado baridi, pungufu kidogo ya kujaa, kisha ndiyo uyachemshe. Yatakayotoka hayawezi kufurika. Kikombe kikae kwenye sinia.

Kwa kusaini, kata dirisha jembamba kwenye karatasi ngumu, aandike ndani yake. Simu janja nyingi zina kisomaji cha skrini tayari, yaani programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo: TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone. Kinachotakiwa ni kuwashwa na mtu wa kukaa naye mpaka azoee.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, gundi yangu inabanduka kila mara kwenye jiko.*
Ni mafuta hayo, ndugu yangu. Futa kwa spiriti, acha pakauke, weka tone, usiliguse mpaka kesho. Likigoma, jaribu rangi ya kucha, tabaka juu ya tabaka.

*Babu hataki. Anasema nyumba itaonekana ya kipofu.*
Usimlazimishe, dada. Anza na zile ambazo mgeni hawezi kuziona: fundo ndani ya ukosi, pini kwenye soksi. Akiona zinamsaidia, ataomba nyingine mwenyewe.

*Je, mama ajifunze nukta nundu?*
Akipenda. Haya maandishi ya nukta zilizoinuka, yanayosomwa kwa vidole, Louis Braille aliyabuni mwaka 1824, akiwa na miaka 15, na kila herufi hujengwa ndani ya nafasi ya nukta sita. Kwa lebo za nyumbani herufi chache zinatosha. Ila kama ana kisukari, pima kwanza vidole vyake, kwani kisukari huweza kupunguza hisia. Mtu wa namna hiyo mpe alama kubwa: kifungo, kamba.

*Watoto wanahamisha vitu, kazi yote inaharibika.*
Tulipata shida hiyo hiyo. Kwetu mlango unafunguliwa wote au unafungwa wote, kamwe si nusu, na stuli inarudi chini ya meza. Mtoto akihamisha kitu, anamshika bibi mkono, anampeleka mahali papya mpaka akiguse.