Chama cha treni za uani Lubumbashi: anzeni na kipimo

Watu wa Lubumbashi hawahitaji kufundishwa kupenda treni. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanza kwa jina la Élisabethville, na ni vigumu kukuta ukoo wa zamani wa mitaa ya Kamalondo au Kenya usio na mtu aliyekula mshahara wa reli. Babangu alikuwa mmoja wao. Mimi nafundisha uchoraji wa kiufundi, kwa hiyo jambo hili nimelishika kwa upande wa rula.

Mkiwa watano au sita mnaotaka kutengeneza treni kubwa za mfano, zile za kutembea uani, msianze kwa kumchagua rais na mtunza hazina. Anzeni na daftari la vipimo. Chama chote kimo humo: behewa la Papa wa Katuba litembee kwenye reli ya kijana wa Ruashi bila kuanguka. Uingereza kuna chama cha watu wa treni za namna hii tangu 1947, na moja ya kazi zake imekuwa ni hiyo, kuandika vipimo vya pamoja kwa wanachama.

Kipimo cha kwanza ni upana wa njia. Duniani kote treni za uani nyingi hutembea kwenye reli zenye nafasi ya milimita 45. Kampuni ya Lehmann ya Ujerumani ilitoa treni zake za LGB mwaka 1968 kwa upana huo, kwa uwiano wa 1 kwa 22.5 (treni ni ndogo mara 22.5 kuliko ile ya kweli), kwa sababu iliiga njia za mita moja. Wanaoiga njia pana za Ulaya, za milimita 1435, hutumia reli zilezile 45 lakini kwa uwiano wa 1 kwa 32. Hapo ndipo watu wanapopotea. Reli ni moja, uwiano ni mbalimbali, na mkiyachanganya mabehewa, mwanasesere wa treni ya kwanza hawezi kupita mlangoni mwa treni ya pili.

Sasa fanyeni hesabu ya kwetu. Reli ya Katanga ina upana wa milimita 1067. Gawa kwa 45, unapata 23.7. Uwiano wetu basi ni 1 kwa 24, na nawaomba msiuache hata kama mtu atawaletea zawadi ya treni ya Ulaya. Kwa 1 kwa 24, behewa la mita 12 linakuwa nusu mita, mtu mzima anakuwa sentimita 7. Njia ya Lubumbashi hadi Likasi, kilomita zaidi ya 100, ingekuwa bado zaidi ya kilomita 4, kwa hiyo chagueni stesheni moja muipendayo na kipande cha njia. Faida nyingine: magari mengi ya kuchezea yanayouzwa madukani ni ya 1 kwa 24, na camion za kuegesha mbele ya stesheni mnazipata bila kuzichonga.

Andikeni daftarini: milimita 45 kati ya nyuso za ndani za reli, 46 kwenye kona. Milimita 40 kati ya migongo (nyuso za ndani) ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kona isiwe na nusu kipenyo chini ya mita 1.20. Mwinuko usizidi sentimita 2 kwa kila mita. Urefu wa ndoano za kuunganishia mabehewa, kutoka juu ya reli, uwe mmoja kwa wote. Chagueni wenyewe, mradi uandikwe. Kisha tengenezeni lango la mbao lenye upana wa sentimita 13. Behewa lisilopita langoni halipandi njiani, hata kama mwenyewe ni mzee wa chama.

Reli za kununua ni za shaba nyeupe kutoka Ulaya, nzuri sana, na bei yake hufukuza vijana. Zinahitajika kwa sababu umeme wa treni hizo unapita kwenye reli. Nyinyi wekeni betri ndani ya treni. Umeme ukikatika mtaani treni inaendelea, vumbi jekundu juu ya reli halikusumbui tena, na reli inaweza kuwa chuma chochote. Chukueni chuma bapa cha milimita 3 kwa 10, kile ambacho wachomeleaji hufanyia madirisha, mkisimamishe kwa ubavu ndani ya mataruma, zile mbao zinazolala chini ya reli.

Taruma la urefu wa sentimita 8 na nusu linatosha. Funga mataruma kumi pamoja kwenye jiliwa, chora mistari miwili, pitisha msumeno mara moja kwa yote. Mfereji uwe na kina cha milimita 4, ili milimita 6 za chuma zibaki juu na ukingo wa gurudumu usiguse mbao. Mfereji uwe mwembamba kidogo kuliko chuma. Chuma kiingie kwa kugongwa na nyundo ya mbao, kwa sauti nzito. Kikiingia kwa kidole, taruma hilo tupeni jikoni. Halafu pitisha kipande cha mbao ngumu kilichochongwa milimita 45 kamili (46 kwa kona), kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho. Kikikwama au kikicheza, mahali hapo treni itaanguka.

Kwenye kona, reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Katika duara zima tofauti ni kama sentimita 30, na ni ileile, duara liwe dogo la parseli au kubwa la uwanja wa mpira. Wanafunzi wangu hubisha mpaka wapime wenyewe kwa kamba. Ukishaijua, unakata vyuma vyote kabla ya kukunja.

Kuhusu betri, waiteni vijana wanaotengeneza simu. Betri nne za lithiamu za volti 3.7 zikifuatana zinatoa 14.8, na wao wanajua kupima ipi ni nzima, kuweka sakiti ya ulinzi, kuchomelea waya. Mota ndogo hupatikana kwenye printa zilizokufa. Betri ichajiwe nje ya behewa, mtu akiwa macho. Hilo nalo liingie daftarini. Na mji huu una mafundi wa kufua shaba: karatasi ya shaba inafanya mwili mzuri wa kichwa cha treni, na uzito wake unasaidia magurudumu kushika reli. Mlango wa mashinisti uliofuliwa kwa nyundo, na misumari yake midogo ikionekana mmoja mmoja, ni kitu ambacho kiwanda hakiwezi kukupa.

Pesa: fanyeni likelemba. Kila mwezi mchango wa wote unamnunulia mmoja chuma na mbao za njia yake. Baada ya mzunguko kila mmoja ana kipande, na vipande vyote vinaungana.

Jengeni kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, udongo ukiwa mkavu. Inueni njia juu ya matofali mpaka kiunoni. Mvua za mwezi wa kumi na moja zitapita chini, wazee hawatainama, watoto wadogo hawatakanyaga. Mchwa wa Katanga mnawajua: lowesheni mataruma katika mafuta machafu ya injini, yaacheni yakauke juani, na kila Jumapili kagueni miguu ya matofali. Mkiona kijia cha udongo kinapanda, kivunjeni siku hiyohiyo. Kati ya vipande vya reli acheni nafasi ya milimita moja au mbili, maana chuma hutanuka mchana.

Kukutana, Jumapili baada ya misa ni saa nzuri. Wazee wa reli wapeni kiti karibu na njia na waulizeni namna mabehewa yalivyopangwa, taa ipi ilikaa wapi, filimbi ngapi kwa nini. Mtu mmoja awe anaandika, maana mengi ya hayo hayako popote ila vichwani mwao. Watoto wapewe kazi ya kweli, ya bendera au ya kupima mabehewa langoni.

Mkishakuwa na njia inayofanya kazi na daftari lililosainiwa na wote, ndipo muende kwa karatasi. Sheria ya vyama visivyo vya faida ni ile namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001, na utu wa kisheria hutolewa na waziri wa sheria. Katiba ya chama ipitie kwa mthibitishaji. Andikeni ndani yake kwamba daftari la vipimo ni sehemu ya katiba, na kwamba haliwezi kubadilishwa bila mkutano wa wanachama wote.