Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume kwa Leza: Namna ya Kumuuguza Mzee na Kupanga Gharama

Baba yangu alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume kwa leza, sisi watoto wake tulichangishana fedha, tukazihesabu mara mbili, tukalipa, kisha tukadhani kwamba mambo ya fedha yamekwisha. Siku ya 11, akiwa amerudi nyumbani Muheza na kujiona mzima, alinyanyua debe la mahindi barazani akaliingiza ndani. Jioni mkojo ukawa mwekundu, usiku yakatoka mabonge ya damu, na kabla ya alfajiri mkojo ulikuwa umeziba kabisa. Teksi, kitanda cha siku 2, mpira mpya wa mkojo, maji ya kusafishia kibofu na dawa vilifika karibu robo ya bili ya upasuaji wenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameweka akiba kwa ajili hiyo. Ninaandika mwongozo huu kwa familia ambazo mzee wao ameandikiwa upasuaji huo au ametoka hospitali juzi. Maelekezo ya daktari aliyempasua mgonjwa wenu yakitofautiana na haya, fuateni ya daktari.

Jueni ni upasuaji wa namna gani

Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo chini kidogo ya kibofu, na inapotanuka kwa sababu ya umri, bila kuwa saratani, huubana mrija huo hadi mkojo ukatoka kwa shida. Leza hutumika kwa njia kubwa mbili. Ya kwanza huunguza nyama iliyozidi mpaka ikageuka mvuke. Ya pili, ambayo mara nyingi hutumia leza ya holmiamu, huimenya nyama hiyo kutoka kwenye ganda lake, kama vile mtu angeitoa nyama ya chungwa na kuliacha ganda mahali pake, kisha vipande husukumwa kibofuni, vikasagwa na kufyonzwa nje. Zote mbili hupitia njia ya mkojo, kwa hiyo tumboni hakuna mshono. Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapodanganyika, kwa kuwa kidonda kipo, tena kikubwa, ila kimejificha ndani na hakina bandeji ya kumkumbusha mzee kwamba bado ni mgonjwa.

Tofauti ya njia hizi inagusa mfuko pia. Njia ya kumenya huacha nyama ya kupelekwa maabara ya patholojia kuchunguzwa kama ina saratani, na kipimo hicho hulipiwa. Njia ya kuunguza haiachi nyama, hivyo uchunguzi wa saratani, pamoja na kipimo cha damu cha PSA (protini inayotengenezwa na tezi dume), unapaswa kukamilika kabla ya upasuaji.

Kabla ya kulipa, ombeni makadirio ya maandishi

Bei inayotajwa kwa mdomo mapokezini mara nyingi ni ya upasuaji pekee. Ombeni karatasi, kisha ulizeni kitu kimoja kimoja: Je, ada ya daktari wa usingizi imo? Waya wa leza, ambao ndiyo sehemu ya ghali ya vifaa vinavyotumika, umo? Ni siku ngapi za kitanda zimehesabiwa, na ya ziada ni kiasi gani? Maji ya chumvi ya kusafishia kibofu yanahesabiwa kwa mfuko au yamejumuishwa? Kipimo cha nyama kinalipwa wapi, na kliniki ya kwanza ya marudio ni bure au ya kulipia? Swali ambalo sisi hatukuuliza, na ambalo ningekuwa nalo mkononi leo, ni hili: mgonjwa akirudi na damu au mkojo ukiziba ndani ya mwezi mmoja, malipo yanaanza upya?

Kwa wenye bima, msiishie kuuliza kama bima inakubali upasuaji wa tezi dume. Ulizeni kama inakubali kwa leza, maana inawezekana ikalipia njia ya kawaida na tofauti ikabaki kwenu. Kibali kiombwe mapema na kitolewe kwa maandishi. Nchini Tanzania, utaratibu wa NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) umemruhusu mwanachama kuandikisha mwenza wake na wategemezi wasiozidi 4, na wazazi ni miongoni mwa wanaokubalika, kwa hiyo kama kuna mtumishi wa umma katika ukoo wenu, mwulizeni kama mzee ameandikishwa. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya kupata msamaha katika vituo vya serikali, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Nchini Kenya, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF ya huko tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na kwa asiye na mshahara mchango hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, hivyo usingoje mzee azidiwe ndipo umlipie.

Kisha tengeni fungu la pili ambalo haliguswi siku ya upasuaji. Ndani yake muwe na nauli za kliniki, malazi ya mgonjwa na mwangalizi wake kama mmetoka mkoani, dawa, pedi za watu wazima, na akiba ya dharura. Kwa mkulima ongezeni vibarua wa wiki 6. Watu huisahau gharama hii, lakini kama upasuaji umeangukia msimu wa palizi na hakuna wa kushika jembe badala yake, mzee atalishika mwenyewe, mtake msitake.

Siku za mpira

Mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa na mpira wa mkojo wenye njia tatu: moja inaingiza maji ya chumvi, nyingine inatoa mkojo na damu, na ya tatu inajaza puto linaloushikilia mpira kibofuni. Rangi ya kinachotoka ndiyo habari kubwa ya siku hizo. Mwanzoni huwa nyekundu, kisha waridi, kisha kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Mimi niliushika mfuko na kuutazama kuelekea dirishani kila baada ya saa moja, nikiandika rangi na kiasi kwenye daftari, na muuguzi wa zamu alilitumia daftari hilo kuliko nilivyotarajia. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, mpira usipinde wala kulaliwa, na mgonjwa akilalamika kwamba tumbo la chini linajaa huku mfuko haujai, mwiteni muuguzi wa zamu mara moja, kwani huenda bonge la damu limeziba njia.

Kwa wengi mpira hutolewa baada ya siku 1 hadi 3. Asiruhusiwe kuondoka kabla hajakojoa mwenyewe vizuri. Anayetoka mbali abaki jirani na hospitali kwa siku kadhaa za ziada: safari ya saa nyingi kwenye basi, barabara mbovu na mahali pa kujisaidia ni mbali, ni mzigo kwa kibofu kilichotoka kupasuliwa, na malazi ya siku chache ni nafuu kuliko kurudi usiku kwa gari la kukodi.

Wiki 6 za nyumbani

Mkojo utamchoma, utamharakisha, na unaweza kumponyoka kabla hajafika chooni. Hali hiyo hupungua wiki hadi wiki, ingawa kwa baadhi ya wagonjwa, hasa waliomenywa tezi kubwa, kuvuja hudumu hadi miezi 3 au zaidi. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia: abane kama anayezuia upepo usitoke, ahesabu hadi 5, alegeze, arudie mara 10, mara 3 kwa siku. Pedi zinunuliwe chache chache, kwa sababu mahitaji hushuka haraka. Waislamu wenzangu huniuliza kuhusu sala, na kwa madhehebu ya Kishafii tuliyoyazoea pwani, anayevujwa na mkojo hujisafisha, huvaa kinga, na hutawadha kila wakati wa sala ya faradhi unapoingia. Hana sababu ya kuacha msikiti. Funga iahirishwe mpaka daktari aruhusu, kwa kuwa kibofu kinahitaji maji.

Maji yawe lita 2 hadi 2.5 kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, ambaye atapangiwa kiasi chake. Tulimwekea baba jagi la lita moja asubuhi na jingine mchana, yakapunguzwa kuanzia magharibi ili alale. Chai na kahawa zipungue, maana huwasha kibofu. Choo kigumu ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani kujikamua hutonesha kidonda: mpeni papai, mboga za majani, maharage na maji, na kama siku 2 zimepita bila choo, ombeni dawa ya kulainisha.

Damu inaweza kuonekana na kupotea kwa wiki kadhaa. Kati ya siku ya 10 na ya 14 mara nyingi huongezeka kidogo kwa sababu gamba la kidonda linabanduka. Anywe maji zaidi na apumzike. Asinyanyue ndoo, debe, mtoto wala gunia kwa wiki 4 hadi 6, asipande baiskeli wala bodaboda kwa muda huo, na tendo la ndoa lisubiri vilevile. Kutembea polepole kunaruhusiwa na kuna faida. Kazi ya kukaa huweza kuanza baada ya wiki 1 au 2. Dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini ikiwemo, zirudishwe kwa tarehe aliyoitaja daktari tu, na diklofenaki isinunuliwe dukani kiholela.

Nendeni hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa mkojo umeziba, mabonge ya damu yanatoka, mkojo umekuwa mzito mwekundu na haung'ai hata baada ya maji na mapumziko, homa imefika nyuzi 38 au anatetemeka, korodani imevimba, au mguu mmoja umevimba na pumzi inamkatika.

Jambo ambalo wazee hawaulizi

Baada ya upasuaji huu, wanaume wengi hufika kileleni bila manii kutoka, kwa kuwa huingia kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. Halina madhara kwa mwili, na nguvu za kiume kwa kawaida hubaki kama zilivyokuwa. Lakini hali hiyo huwa ya kudumu, na anayetaka bado kupata mtoto anapaswa kulizungumza na daktari kabla ya kupasuliwa. Mzee asipoambiwa, atadhani ameharibiwa, atanyamaza, na atakwenda kununua dawa za nguvu mitaani. Mwanawe wa kiume, au daktari mwenyewe, amweleze waziwazi, na mama naye aelezwe.

Kliniki na karatasi

Siku ya marudio chukueni majibu ya patholojia wenyewe na kuyasoma pamoja na daktari, kwa maana majibu hubaki kwenye kabati za maabara pale mgonjwa anapojisikia nafuu. Karibu na mwezi wa 3, PSA hupimwa upya. Baada ya kumenywa hushuka sana, na namba hiyo mpya ndiyo itakayolinganishwa na vipimo vyote vijavyo, kwa sababu sehemu ya nje ya tezi imebaki na bado inaweza kupata saratani. Mkojo ukianza kuwa mwembamba tena miezi michache baadaye, mwambieni daktari, kwani kovu linaweza kuubana mrija. Risiti, muhtasari wa kuruhusiwa na majibu yote vitunzwe katika faili moja, nakala zipigwe picha kwa simu, na namba ya PSA ya mwezi wa 3 iandikwe kwa kalamu nzito juu ya jalada, pamoja na tarehe yake.