Kumfundisha mtoto mafumbo ya kujumlisha na kutoa fedha

Mtoto anayejumlisha 280 na 355 bila shida anaweza kukwama namba hizohizo zikiwekwa ndani ya maneno. Mara nyingi tatizo si hesabu, ni usomaji: anarukia namba, anaokota neno moja, anaamua kutoa. Kwa hiyo anza na fumbo lisilo na namba: "Asha alikuwa na fedha, akanunua daftari, nyingine zikabaki." Akusimulie kwa maneno yake. Fedha zimeongezeka au zimepungua? Kinachotafutwa ni za mwanzo, zilizotumika au zilizobaki? Akishajibu, ndipo umpe namba.

Usimkaririshe kwamba "zaidi" maana yake jumlisha na "baki" maana yake toa. Kanuni hiyo humsaidia kwenye mafumbo mepesi tu. "Asha alinunua daftari kwa shilingi 350, akabaki na shilingi 150. Mwanzoni alikuwa na shilingi ngapi?" Neno "akabaki" lipo, lakini jibu ni 350 + 150 = 500. Au hili: "Juma ana shilingi 800, ambazo ni 250 zaidi ya za Neema. Neema ana ngapi?" Wengi hujibu 1,050. Jibu ni 550.

Dawa yake ni mchoro. Achore mstatili wa fedha zote na augawe vipande viwili. Kisichojulikana kikiwa mstatili mzima, anajumlisha. Kikiwa kipande kimoja, anatoa. Kwa mafumbo ya kulinganisha achore mistatili miwili, mmoja chini ya mwingine, yote ianzie usawa mmoja kushoto. Sehemu inayochomoza kulia ndiyo tofauti.

Kisha kata vikaratasi vya 1, 10 na 100, kama 20 vya kila aina. Vya 5, 20 na 50 visubiri, maana havilingani na mamoja, makumi na mamia, na vitamchanganya anapoanza kukopa. Chukua 502 − 178. Mezani ana mia 5 na mamoja 2, anatakiwa kuondoa mamoja 8, na makumi hana. Avunje mia moja ipate makumi 10, kisha kumi moja lipate mamoja 10. Sasa ana mia 4, makumi 9 na mamoja 12. Akitoa, zinabaki 324. Ukikuta ameandika 476, amekuwa akitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Kumwekea alama ya kosa hakutoshi: mrudishe kwenye vikaratasi.

Senti zina mtego wao. Achore safu mbili, sh na st, na senti 5 aiandike 05. Akijumlisha sh 4 st 75 na sh 2 st 60 atapata sh 6 st 135. Hapo abadili senti 100 kuwa shilingi 1: sh 7 st 35.

Kwa chenji, kuhesabu kwenda mbele ni rahisi kuliko kukopa kupita sifuri nyingi. Amelipa 1,000 kwa bidhaa za 635: ongeza 5 zifike 640, 60 zifike 700, 300 zifike 1,000. Chenji ni 365. Aihakiki kwa 635 + 365.

Mafumbo ya hatua mbili yaje mwisho. "Amenunua vitu viwili, cha 280 na cha 355, akatoa 1,000. Atarudishiwa ngapi?" Kosa la kawaida ni kuishia 635, ambayo ni bei ya vitu vyote, si chenji. Kabla ya kukokotoa, aandike sentensi ya jibu yenye pengo: "Atarudishiwa shilingi ____." Pengo hilo humkumbusha kwamba kazi haijaisha.

Akizoea, mgeuzie kibao: mpe 600 − 240 atunge fumbo mwenyewe, kisha alibadilishe ili kinachoulizwa kiwe fedha za mwanzo.