Kichanja cha dagaa Kigoma: la kuiga na la kuacha kutoka visiwa vya Lofoten

Bado utakuta dagaa wa Ziwa Tanganyika wakimwagwa mchangani mara tu ndoo zinaposhuka, iwe Kibirizi, Katonga au mialo ya kusini. Mchanga ukishaingia kwenye samaki mbichi hautoki, hata ukichekecha mara ngapi, na mnunuzi wa Tabora au Dar es Salaam anautambua akitafuna tu. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuhama mchangani na kuanika juu ya kichanja. Mfano tulioutumia ni wa Lofoten, Norwei, kwa sababu wenyeji wa huko wameishi kwa kichanja karne nyingi. Ila kuna mambo yao ambayo mtu akiyaiga Kigoma atapata hasara.

Lofoten ni visiwa vya milima mikali kaskazini mwa Norwei, ndani ya ukanda wa Aktiki. Kati ya Januari na Aprili samaki aitwaye skrei hushuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga hapo, na tangu zamani wavuvi wa pwani nzima ya kaskazini wamekuwa wakimfuata. Huko Vågan, karibu na mji mdogo wa Kabelvåg, Mfalme Øystein alijenga kanisa mwanzoni mwa miaka ya 1100, na inapata mwaka 1120 akajengesha vibanda vya wavuvi wageni ili wasilale chini ya mashua zao. Vibanda hivyo, rorbu kwa lugha yao, vya mbao na vimesimama juu ya nguzo ukingoni mwa maji, ndivyo vinavyoipa miji ile sura yake mpaka leo.

Mji wa jirani, Henningsvær, una watu wapatao mia tano tu. Umetawanyika juu ya visiwa vidogo vya mwamba, na madaraja ya kuuunganisha na barabara kuu yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pembezoni mwake vimesimama vichanja vya miti, virefu kuliko mtu. Samaki hutolewa matumbo na kichwa, hufungwa wawili wawili mikiani, kisha hutundikwa juu ya miti bila chumvi wala moshi kuanzia mwisho wa baridi hadi Mei au Juni. Baada ya hapo hukaa ndani ya ghala lenye hewa kwa wiki kadhaa, ndipo mtaalamu wa kuchambua, vraker, anamshika mmoja mmoja, anamtazama, anamnusa na kumpanga kwenye daraja lake. Madaraja hayo ya ubora yanakaribia ishirini. Walio bora huenda Italia, na vichwa vilivyokaushwa huuzwa Nigeria.

La kuacha: muda wao na kutundika samaki mzima

Skrei mafuta yake yako kwenye ini. Nyama yenyewe karibu haina mafuta. Baridi ya huko wakati wa kuanika huzungukia nyuzi sifuri, kwa hiyo nzi hawapo na bakteria wamelala. Dagaa wetu ana mafuta mwilini, na joto la mchana Kigoma ni nyuzi 27 au 28. Ukimwacha kichanjani siku nne ukidhani anakomaa, mafuta yake yanaungua kwa hewa na mwanga, rangi inageuka kutoka fedha kuwa ya manjano, na harufu inakuwa kali. Dagaa wa Kigoma lengo lake ni siku moja ya jua, mbili zikizidi.

Migebuka, samaki wa ziwa hilo aliye mkubwa kuliko dagaa, ndiye usijaribu kabisa kumtundika mzima kama skrei. Ngozi ya juu hukauka haraka na kuwa ganda, maji yanafungiwa ndani, na nyama inaoza kuanzia kwenye mfupa wakati nje anaonekana mkavu. Mpasue mgongoni, mfungue kama kitabu, mtie chumvi, ndipo umwanike. La sivyo mbanike kwa moshi.

La kuiga: kumwinua samaki apitiwe na upepo chini na juu

Mchangani samaki anakauka upande mmoja tu. Upande wa chini unakaa kwenye unyevu, na ukimgeuza ngozi inabaki imeganda kwenye kokoto. Juu ya wavu hewa inapita pande zote mbili, na mbuzi na kuku hawamfikii.

Kichanja cha kuanzia kiwe na upana wa mita 1.2. Kikizidi hapo, mkono haufiki katikati kutoka upande wowote, na dagaa wa katikati hawageuzwi. Urefu mita 10, kimo mita 1, yaani usawa wa kiuno. Utahitaji nguzo 12 za mita 1.5, sita kila upande, zikiachana mita 2, na kila moja ifukiwe nusu mita. Choma kwa moto sehemu inayoingia ardhini mpaka iwe nyeusi, huenda mchwa wakachelewa kuila. Usipake oili chafu ya injini sehemu iliyo juu ya ardhi, maana inagusa chakula. Juu ya nguzo weka miti miwili mirefu ya pembeni, kisha fito za kukatiza kila nusu mita, jumla 21.

Tandaza kwanza waya wa kuku wa kubeba uzito, juu yake wavu wenye matundu madogo ambayo dagaa hapenyi, milimita 5 au chini. Funga kwa kamba badala ya misumari, kwa sababu wavu utalegea baada ya wiki chache na utataka kuukaza. Ukilegea unatengeneza bonde, dagaa wanarundikana bondeni, na hao ndio wanaooza wa kwanza. Chandarua cha mbu kilichotiwa dawa kisitumike hata kama ni cha bure. Dawa ile haikuwekwa kwa ajili ya chakula.

Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Elekeza ubavu mrefu wa kichanja ziwani ili upepo ukikate kwa upana, na acha nafasi ya mita moja kati ya kichanja na kichanja.

Kuanika

Samaki hawasubiri. Kila saa wanayokaa kwenye ndoo kwa joto la asubuhi, matumbo yanalainika, na tumbo likipasuka huna tena dagaa wa daraja la kwanza. Osha kwa maji yaliyochotwa mbali na mahali boti zinaposhushia, weka kwenye tenga dakika 15 maji yachuruzike, kisha mwaga kichanjani.

Kipimo cha kuanzia ni kilo 3 kwa mita moja ya mraba. Kichanja cha hapo juu kina mita 12 za mraba, hivyo kinabeba kilo 36, karibu ndoo mbili za lita 20. Wengi huona wavu bado una nafasi wakaongeza ndoo ya tatu. Samaki wanapandana, chini panakuwa na ute, na kazi ya siku moja inakuwa ya siku mbili. Kila dagaa alale peke yake.

Usiwageuze mapema. Subiri saa moja hadi mbili mpaka ngozi ya juu ishike, ndipo uwageuze kwa viganja vilivyofunguliwa, si kwa reki. Baada ya hapo geuza mara tatu au nne mpaka jioni. Nzi hushambulia zaidi katika saa hizo mbili za mwanzo, samaki akiwa bado na maji. Funika kwa wavu mwembamba ulioinuliwa kwa fito, usiwalalie samaki.

Kupima ukavu, usichukue dagaa wa ukingoni, hao hukauka kabla ya wenzao. Chukua kumi kutoka katikati na uwavunje mmoja mmoja nyuma ya kichwa, penye nyama nene. Aliyekauka anakatika kwa sauti. Akijipinda kwanza, mtazame kwenye uti wa mgongo: utaona mstari mweusi wa nyama yenye unyevu. Hapo bado. Mizani nayo inasema: kilo 20 za dagaa mbichi hutoa kilo 5.5 hadi 6 za wakavu. Ukipata kilo 7, unauza maji, na ukungu utakufuata ndani ya gunia.

Jioni waache wapoe kabla ya kufunga. Dagaa wa moto ndani ya gunia wanatoa jasho, na asubuhi gunia lina mvuke. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Wale wadudu weusi wenye viluwiluwi vya manyoya huingia kwenye samaki asiyekauka vizuri; ukiwaona, rudisha mzigo juani, usipulize dawa.

Miezi ya mvua

Mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Mei. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na hiyo ndiyo miezi mikavu yenye jua la kuaminika. Ziwa likifungwa tena kipindi hicho, sehemu kubwa ya samaki wako utawakausha kwenye mvua, kwa hiyo jipange kwa mvua kwanza.

Kuwa na turubai na fito za upinde za kuliinua sentimita 40 juu ya samaki, pande mbili zikiwa wazi. Turubai likiwagusa samaki, wanachemka. Wingu likiwa zito asubuhi, loweka dagaa dakika kumi kwenye maji ya chumvi, kilo 1 ya chumvi ya Uvinza kwa lita 10 za maji, kisha chuja na anika. Chumvi inakununulia muda, lakini pia inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo dagaa wa chumvi wauze mapema na usiwachanganye na wasio na chumvi.

Kuchambua

Hapa ndipo Lofoten walipotuacha mbali, na hapahitaji mtaji. Tenga mafungu manne: wazima wenye rangi ya fedha, waliokatika, wakubwa wenye mafuta walioanza kugeuka manjano, na unga na vichwa, ambavyo ni chakula cha kuku. Ukichanganya, mnunuzi anapanga bei kwa kumtazama mbaya kuliko wote. Uza kwa kilo, na kataa rumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake.

Wavuvi wa Norwei nao walikaa muda mrefu mikononi mwa wenye mitaji. Samaki wakavu walipelekwa Bergen, ambako wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara, kutoka Ujerumani walikuwa na kituo chao tangu miaka ya 1360, na mvuvi alirudi na nafaka na deni. Mwaka 1938 sheria iliwapa wavuvi chama chao cha mauzo, chenye haki ya kusimamia mauzo ya kwanza na kupanga bei ya chini. Kwetu mkaushaji anayekopa mafuta ya boti au pesa ya ndoo kwa mchuuzi amekwisha kuuza kabla hajaanika. Kikundi cha vichanja kumi chenye mizani moja na daftari moja la madaraja kina nafasi ya kukataa bei. Mizani iwe ya kikundi, isiwe ya mnunuzi.

Siku za mbalamwezi, boti zinapokaa nchi kavu, ng'oa wavu, uufue kwa sabuni, uukaushe, kaza kamba na badilisha fito zilizooza. Magamba na mafuta yaliyokauka kwenye wavu ndiyo yanayowapa dagaa wapya harufu ya zamani.