Kabla Hujaruka Kwenye Kiwanja cha Porini

Kwanza yale unayoyajua: toa mafuta kidogo chini ya kila tangi la ndege uangalie kama yana maji, kagua breki, kagua matairi. Mizigo ipimwe kwa mizani, usikadirie kwa macho, kisha ifungwe isije ikateleza nyuma. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali wa kuruka huongezeka kwa kama asilimia 20.

Tembea kiwanja chote kwa miguu, kwenda na kurudi. Tafuta mashimo ya wanyama, vichuguu, mawe yaliyojificha kwenye nyasi. Kisigino chako kikizama, tairi la mbele nalo litazama. Penye changarawe usisimame ukanguruma kwa nguvu zote, kwa sababu propela itavuta mawe na kujitafuna. Anza kwenda taratibu, kisha ongeza nguvu ukiwa tayari kwenye mwendo.

Joto nalo lihesabu. Kwenye kimo cha futi 5,000 kukiwa na nyuzi 30 za Selsiasi, ndege huiona hewa kama ya futi 8,000 hivi: injini hukosa nguvu, propela hukosa cha kushika, mabawa hayabebi vizuri. Kama injini ni ya kabureta, punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta kama kitabu cha ndege kinavyoagiza, tena kabla ya kuanza mbio.

Sasa fanya hesabu kwenye karatasi. Tuseme kitabu, kwa joto na kimo hicho, kinakupa mita 300 za kuruka. Nyasi fupi kavu: zidisha kwa 1.2. Mwinuko wa asilimia 2: zidisha kwa 1.1. Upepo wa nyuma unaofikia asilimia 10 ya spidi ya kunyanyuka: 1.2 tena. Umeshafika mita 475. Weka na akiba ya theluthi moja, ni kama 630. Kiwanja cha mita 500 kilichoonekana kipana asubuhi hakikutoshi. Watu hujumlisha asilimia hizi, kumbe huzidishana.

Linaloangusha wengi ni hili: magurudumu kuachana na ardhi si kuruka. Karibu na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa, ukinzani wa hewa hupungua, na ndege hunyanyuka kwa spidi ambayo haiwezi kuipandisha. Tazama inavyokwenda. Ardhi ni laini, rubani amevuta usukani kupunguza uzito kwenye tairi la mbele, sawa kabisa. Ndege inanyanyuka mapema, king'ora kinachoonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kubeba kinalia. Mbele kuna miti. Badala ya kushusha pua kidogo na kukimbia sambamba na ardhi, mita moja au mbili juu yake, mpaka spidi ya kupandia ifike, anavuta zaidi. Ndege inatoka kwenye ile hewa ya karibu na ardhi iliyokuwa ikiibeba kama mto wa kulalia, ukinzani unarudi, spidi inashuka, bawa moja linalala. Injini ilikuwa nzima mpaka mwisho.

Dawa yake iwekwe kabla hujawasha injini. Pima nusu ya kiwanja, funga kitambaa chekundu kwenye kijiti, ukisimike pembeni, usiweke jiwe. Ukifika hapo uwe na asilimia 70 ya spidi ya kunyanyuka: kama unanyanyuka kwa 50, saa ya spidi isome 35. Haijafika? Ondoa nguvu, shika breki, hapo hapo. Usijipe "kidogo tu". Na kama tope ni zito au breki hazishiki kwenye nyasi zenye umande, kisogeze kijiti nyuma, karibu zaidi na unapoanzia mbio.

Mengine ni ya kawaida: weka mtu wa kufukuza mifugo, mwambie asimame wapi. Peleka mizigo kwa safari mbili. Subiri alfajiri kuwe na baridi. Wingu likianza kujijenga juu ya kilima, usishindane nalo, na abiria akikuharakisha, mshushe asubiri kivulini.