Una kesi nyumbani Malindi ama Lamu na wewe uko nje? Omba upatanishi kabla haijasikizwa

Nawaandikia nyinyi mlioko Muscat, Jeddah, London na Toronto na mna kesi huku nyumbani, ploti ya Mambrui ama nyumba ya urithi ya Mkomani, kesi ambayo kila siku ni kutajwa na kuahirishwa na kila ikitajwa wakili anataka hela. Kuna njia ya kuimaliza kabla ya kusikizwa, na kwa mtu aliye mbali naiona ndio nzuri kuliko zote kwa sababu kwenye upatanishi unaongea mwenyewe. Mbele ya jaji anaongea wakili. Mbele ya wazee anaongea yule kaka aliyebaki nyumbani, na mara nyingi ndio huyo huyo mnayegombana naye.

Inavyokwenda ni hivi. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 159 inaitaka mahakama ihimize upatanishi, mpango ukaanza kwa majaribio kwenye mahakama za Milimani Nairobi mwaka 2016 na sasa umefika mpaka huku pwani. Kesi ikishafunguliwa msajili wa mahakama anaipitia faili aone kama inafaa, ama nyinyi wenyewe mnaomba, na wakili wako akikwambia haiwezekani mwambie akuandikie sababu. Mnapangiwa mpatanishi mwenye ithibati, huyo wa mahakama hamumlipi nyinyi, na mnapewa siku 60 za kumaliza ambazo zinaweza kuongezwa kidogo. Mpatanishi hahukumu wala hasemi nani muongo. Anaweza kukaa na nyinyi pamoja, akamuita kila mmoja faragha, akarudi tena. Mkishindwana faili inarudi kwa jaji ilipokuwa, na yale mliyoyasema mle ndani hayatumiki mahakamani dhidi ya mtu, kwa hiyo usiogope kufungua roho.

Lakini kabla hujakaa na mtu, linda hati kwanza! Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, mnaongea vizuri, salamu nyingi, kumbe mwenzako huku anatafuta mnunuzi. Mwambie wakili aweke zuio kwenye rejista ya ardhi, lile watu huita kosheni, ili ploti isihamishwe bila wewe kujulishwa, na kama hatari iko karibu aombe amri ya mahakama. Na kama kesi bado hujafungua angalia muda, kudai ardhi Kenya ni miaka 12 na madai ya mkataba ni miaka 6, na maneno ya "tutaongea ukija Ramadhani" hayazuii muda kwenda.

Halafu hudhuria mwenyewe. Vikao vya video vipo, omba tu mapema, na taja saa inayokufaa, maana saa tatu asubuhi ya Malindi kwa mtu wa Toronto ni saa saba ama saa nane za usiku na hakuna anayeamua mambo ya urithi vizuri saa hizo. Omba saa kumi jioni, kwako itakuwa saa mbili ama tatu asubuhi. Kama huwezi kabisa, anayekuja kwa niaba yako awe na hati ya uwakilishi inayosema wazi kwamba anaruhusiwa kukubali na kutia sahihi, isainiwe mbele ya wakili mthibitishaji wa hati (notary) ama ubalozini, na ikihusu ardhi isajiliwe. Ukimtuma binamu akakae asikize tu, siku inapotea bure na mahakama inaweza kukutoza gharama kwa kutofika.

Njoo na karatasi. Wengi mlituma hela kidogo kidogo, mara ya fensi, mara ya mabati, na hati ikatoka kwa jina la ndugu. Kusanya risiti za benki, meseji za M-Pesa, hata voisi za WhatsApp alizokiri, zipange kwa tarehe, ujumlishe. Na ujue moyoni kiwango ambacho chini yake hushuki, usimtajie mtu.

Kwa nyumba za urithi hasa ndio naipenda njia hii. Mkiwa Waislamu nyote na mmekubali kwenda kwa kadhi, mafungu yanajulikana, hakuna la kubishania hapo, mabishano ni nyumba moja ya mawe ina warithi watano na haikatiki vipande. Mahakama ikilazimika itasema iuzwe mgawane. Mezani mnaweza kukubaliana dada mjane abaki chini, ghorofa ya juu ipangishwe wageni, kodi igawanywe kwa mafungu, na atakayetaka kuuza fungu lake awape ndugu nafasi kwanza. Hakikisha tu kila mrithi yumo, hata yule wa mama mwingine aliye Tanga, na fungu la mtoto mdogo lisiachiliwe na mtu mzima kwa niaba yake.

Sasa maandishi, na hapa nawaomba sana msiwe na haraka. Mapatano ya mahakama yakisajiliwa, kwa kifungu cha 59B cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, yanakuwa na nguvu ya hukumu na hayakatiwi rufaa. Kwa hiyo sentensi kama "Ali atamlipa dada yake pesa zake" haifai. Iandikwe Ali atalipa shilingi 800,000 kwa awamu nne za 200,000, kila tarehe 5 kuanzia mwezi fulani, kwa akaunti fulani, akikosa awamu moja deni lote lililobaki linadaiwa siku hiyo hiyo, na kosheni inaondolewa akishamaliza, sio kabla. Nani analipa ada ya kuhamisha hati? Andikeni. Nani ana funguo? Andikeni. Mkipatana nje ya kesi mbele ya mpatanishi aliyehitimu, mapatano hayo pia yanaweza kusajiliwa mahakamani, yasajilini.

Kuna mahali siishauri. Hati ikiwa ya kughushi ripoti DCI, wale polisi wa upelelezi wa jinai, na kesi iendelee, na kama mwenzako anakutisha wewe ama mama yako aliye nyumbani usikae naye meza moja, mwambie msajili mapema.

Namba ya kesi unayo? Mfumo wa e-filing, wa kufungua na kufuatilia kesi mtandaoni, umefika mahakama zote nchini tangu Machi 2024, faili yako itafute huko uone imesimama wapi, halafu mwandikie wakili barua pepe leo kwamba unaomba ipelekwe kwa upatanishi kabla tarehe ya kusikizwa haijapangwa.